Kona ya Mpaka

Kijiji chetu cha Kwemhosi kimekaa kama mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu:
mgongo umeielekea reli ya Muheza, magoti yako bondeni,
na kichwa, tunachokiita Kitongoji cha Juu,
hupata mvua wiki mbili kabla ya miguu.
Mimi ndiye mtendaji. Ninakaa kiunoni:
chumba kimoja, bati ishirini na mbili,
meza iliyofupishwa mguu na mchwa,
muhuri, daftari,
na deni la kiti cha mwenyekiti aliyepita.

Wa kwanza kutuandika alikuwa akidi wa Mjerumani.
Alihesabu vibanda, hakuhesabu watu.
Wakaja wenye mkonge, wakahesabu majani,
thelathini kwa mganda,
na aliyekata akapewa kipande na namba,
jina akaambiwa alihifadhi mwenyewe.
Mwaka wa sabini na nne likaja lori la Operesheni.
Mama yangu alishuka na mlango kichwani.
Nyumba aliiacha kule, mlango akaukatalia,
ndio huu ninaoufunga jioni nikitoka ofisini.

Mwezi uliopita alikuja mpima, kijana, Gerivas,
na kifaa kinachosemezana na satelaiti.
Ramani ya wilaya inasema
mpaka wetu na Mgambo-Chini ni kijito cha Mbwego.
Ni kweli. Ila Mbwego ulihama mwaka wa elinino,
usiku mmoja tu, ukaja huku kwetu,
bila barua ya utambulisho.
Mwenyekiti wa Mgambo-Chini akasema, mto ni mto,
mwenye mto hafuati ramani.

Tukaitisha mkutano mkuu.
Saa tano na robo akidi ikatimia
(neno lile lile, siku hizi ni idadi,
haina tena kiboko).
Wengi walikuwa tayari kuukubali mto ulipo:
ng'ambo kuna nini? Magugu, mahindi ya nyani,
na michungwa kumi na mmoja ya Semhando,
ambaye peke yake alikuwa anapiga kelele.

Ndipo akasimama Anjelista Nandonde, muuza vitumbua.
Hajawahi kuomba nafasi tangu nianze kazi.
Akasema, ng'ambo kuna makaburi ya manamba.
Hayana msalaba, hayana kibao cha Kiarabu,
kila moja lina kipande cha bati na tarakimu.
"Baba yangu ni elfu mbili mia mbili na sita.
Alitoka Newala kwa miguu na meli.
Akienda Mgambo-Chini, wale wanalima mihogo.
Nani atawaambia pale si shamba?"

Pakawa na kimya cha watu wanaokumbuka
kwamba na wao waliteremshwa hapa.

Tulibishana mpaka adhuhuri, tukaswali, tukarudi tukabishana.
Uamuzi uko ukurasa wa tisa:
mpaka ufuate mto mpya,
tuwaachie mahindi na nyani wake,
ila ukifika penye mkuyu uliopasuka
uvuke maji, uyazunguke makaburi, urudi.
Mgambo-Chini walikubali kwa kunung'unika,
na kwa kreti mbili za soda.

Gerivas alitembea ile kona mara tatu.
Kifaa chake kilikuwa kinalia.
Akaniletea fomu: kila mpaka unapopinda
pana kisanduku cha sababu,
kidogo, hakitoshi sentensi.
Watu huandika humo *mlima*, *korongo*, *barabara*.
Nilitafuta neno la kiserikali, nikalikosa.
Nikaandika: *watu*.
Nikagonga muhuri, wino ukavuja kama kawaida yake.

Anjelista aliniuliza kama ningeweza kuandika na ile namba.
Nikamwambia kisanduku kimejaa.
Akacheka, akaniachia vitumbua vinne ndani ya gazeti.

Michungwa ya Semhando ilibaki ng'ambo.
Anataka kujua nani atamlipa.
Nimemwingiza kwenye Mengineyo,
ajenda ya mwisho, ile ambayo kila kikao
tunaifikia giza limeshaingia.