Mwaka wa Makaa

Walituletea Rufin mwezi wa Septemba,
viganja laini kama vya karani wa posta,
na barua ya gombera mfukoni:
falsafa amemaliza, teolojia inamngoja,
mwaka huu wa katikati mleeni ninyi.
Niliisoma mara mbili. Sisi? Tumlee vipi,
watu wa shimo, wenye midomo michafu kuliko nyuso?
Nikampa kofia, taa na koleo.

Alikuwa mrefu kuliko njia zetu.
Siku ya kwanza nilihesabu: kichwa mwambani mara tisa.
Mtaka cha mvunguni, nikamwambia,
na Silesia yote, kijana, ni mvungu.

Nilichokihofia ni mahubiri. Hakuhubiri.
Alikula mkate na mafuta ya nguruwe kama sisi,
akakohoa vumbi lilelile,
akapiga miayo ndani ya lifti saa kumi na moja alfajiri.
Walimtilia picha za uchi kabatini;
alizikunja taratibu, akauliza ni za nani, azirudishe.
Norbert akamvaa: "Mungu wako alikuwa wapi
mwaka ule gesi ilipowaka, ndugu yangu akaungua?"
Kijana alinyamaza muda mrefu.
"Sijui," akasema. "Nami namuuliza."
Kesho yake Norbert alimgawia nusu ya kitunguu.

Februari paa lilishuka.
Mguu wa Norbert ukabaki chini ya jiwe,
na mwembamba wa kupenya alikuwa mmoja tu.
Alitambaa kifudifudi, akalala ubavuni pake
saa nne nzima, hadi jeki zilipofika.
Nilitega sikio nisikie sala.
Alikuwa akimuuliza majina ya njiwa wake.
Mmoja mmoja. Na Norbert, meno yakigongana,
akawataja: Bi Harusi. Mvivu. Koti la Moshi. Yule Kipofu.
"Na mwingine?"
"Sukari."
"Na mwingine?"

Leo, miaka mitano baadaye, kanisa kuu limefurika,
na Rufin amelala tena kifudifudi,
safari hii juu ya marumaru, kanzu nyeupe pe,
huku kwaya ikiwaita watakatifu kwa majina.
Watu wanaitikia, utuombee.
Norbert, gongo kwapani, haitikii hivyo.
Namsikia ananong'ona: Mvivu. Sukari.

Askofu akampaka krisma viganjani.
Nilijua kilichopo kwenye kile cha kushoto:
mstari wa buluu, makaa yaliyoingia kidondani
ngozi ikafunga juu yake. Hayatoki kwa sabuni.
Mafuta yalipita hapo, pakang'aa.

Tulimsubiri nyuma, penye mlango wa sakristia,
mlango wa kale, mfupi kama wa banda la njiwa.
Nilifungua kinywa nimwonye.
Aliinama bila kuambiwa,
akatutolea salamu ya shimoni,
ileile, kwa sauti ya zamu ya alfajiri:
Mungu awajalie.