Mti Wenye Urefu wa Kalamu

Mchana napima mbao Mafinga:
mbili kwa nne, moja kwa nane, futi kumi na mbili,
chaki nyekundu, namba, lori linalofuata.
Jioni napima kitu kingine
kwa rula ya shule ya Gaudensia, mwanangu.
Sentimita kumi na nne na nukta.
Wiki iliyopita, kumi na nne na nukta.
Ile nukta ndiyo nabishana nayo.

Nilianza na miche saba.
Niliing'oa kando ya barabara ya msituni,
ile inayojiotea penye tope, asiyoipanda mtu,
ambayo greda likipita linakwenda nayo.
Makopo saba ya maziwa, matundu kwa msumari,
na maarifa ya kuombaomba kwa Mgaya, fundi redio wa Njombe,
mwenye mkuyu ndani ya bakuli la supu,
mkuyu mzima, mizizi imekunjamana kama magoti.
"Huu una miaka kumi na tisa," aliniambia,
akaendelea kulehemu redio ya watu.

Wa kwanza niliuua kwa maji.
Asubuhi maji, mchana nikitoroka kazini maji,
usiku kwa tochi ya simu, maji.
Ulipogeuka rangi ya chai nikasema una kiu,
nikaongeza.
Mizizi ilikuja kunuka kama tambara la kudekia.

Wa pili, kuku.

Wa tatu niliufunga waya wa shaba
niliouchomoa kwenye dainamo mbovu.
Niliukunja shingo taratibu, taratibu,
nikasikia tk.
Sauti ndogo kuliko ya kiberiti.
Nimesimama karibu na misindano ya futi themanini ikianguka,
ardhi ikanirusha ndani ya buti,
sikuwahi kuomba radhi.
Kwa ile tk nilisema, "Samahani,"
na jirani yangu Otmari, aliyekuwa akianua soksi,
akauliza kama nimeanza kusalimiana na makopo.

Mwezi wa saba ikashuka sakitu.
Viazi vya watu vikaungua majani bila moto,
bomba la uani likakabwa koo.
Nikaingiza miche miwili ndani, karibu na jiko la mkaa,
nikaifunika kanga ya Sekela
yenye maneno ambayo sitayaandika hapa.
Hiyo niliyoihurumia ikafa yote miwili.
Miwili niliyoisahau nje, nyuma ya tanki,
iliamka na mvi za barafu,
jua likapanda, ikajikung'uta, ikaendelea.

Basi, miwili.
Mmoja Gaudensia aliuiba.
Aliuona anaonewa, akaupanda ardhini nyuma ya choo
na mwezi mzima hakusema.
Leo, mwaka wa pili, umempita kimo,
unafuta vumbi kwenye bati upepo ukivuma.
Ndugu yake uko juu ya tofali, ndani ya sufuria lililotoboka,
shina limekuwa nene kama kidole gumba,
gome limeanza kupasuka vigae vidogo
kama wa mti uliokwisha kuona mengi.
Siku moja waliyoota, tope moja.
Nasimama katikati yao na mkasi wa kushonea,
sijui nimwangalie nani usoni.

Jana mwanangu alichuchumaa mbele ya sufuria,
akaweka shavu chini ili autazame kwa juu,
kama mtu anayetazama mti kweli.
"Baba, huu unajua kwamba ni msindano?"
Nikasema nitafikiri.
Bado.

Nimefinya chipukizi la juu, kama Mgaya alivyonionyesha,
kwa kucha, si kwa mkasi.
Tone la ulimbo limetoka, moja, likasimama.
Nikaingia kula.
Sekela amenusa mikono yangu, akasema,
"Leo mmetoka kiwandani mmechelewa."
Sikumsahihisha.
Ulimbo ni ule ule.