Kilima Kilichobebwa

Nililipwa mia tano kushika ncha ya utepe.
Ncha ya pili aliishika Bwana Hiribae, mpimaji,
kofia ya ukindu, penseli sikioni,
daftari la serikali limefungwa mpira
kurasa zisiruke na upepo wa Witu.

Tulianzia penye mnazi uliokatika kichwa,
tukavuka mihogo, tukavuka kunde,
kila baada ya hatua thelathini kigingi,
na ardhi ikatulia, kama mtoto anayenyolewa.
Hata tulipofika shamba la Bi Mwanashee
nchi ikapanda.

Haikupanda sana. Mbuzi wawili,
mmoja mgongoni mwa mwenzake, wangefikia juu.
Ukija kiangazi hulioni tuta,
utaona ufuta umeuzidi ufuta kimo,
basi.
Lakini masika, maji yakishalala,
hujichora lenyewe: duara,
limekatika upande mmoja, palipokuwa lango,
na nje ya duara handaki, mpunga ndani yake,
na vyura wanaokariri usiku kucha bila mwalimu.

"Hapa niandike nini?" akauliza Bwana Hiribae.
"Kichuguu?"
Bi Mwanashee alikuwa akipepeta. Hakusimamisha ungo.
"Mchwa hajengi lango."
"Kilima, basi."
"Kilima huumbwa na Mungu. Hiki kilibebwa.
Pakacha kwa pakacha, utosi kwa utosi.
Waliokuja huku mwituni wakikimbia pingu
hawakuwa na chokaa, hawakuwa na matumbawe;
matumbawe yako pwani, na pwani ndiko walikokimbia.
Walikuwa na mikono.
Wakachimba hapa, wakamwaga pale,
wakasimika magogo juu, ncha zikitazama mbingu."
Akapuliza makapi.
"Magogo yameliwa na mchwa,
walioyasimika wameliwa na mchanga.
Umebaki mmwago."

Sikujua niamini lipi. Nimesoma hadi darasa la nane;
kitabuni ngome ilikuwa na mizinga na picha,
haikuwa kitu cha kupandwa ufuta.
Nikateremka handakini na ncha yangu.
Tope likanimeza hadi magotini.
Tukapima kutoka usawa wa nyasi kwenda chini:
mita moja na robo.
Tukapima kutoka usawa wa nyasi kwenda juu:
mita moja na robo, kasoro vidole viwili.
Kinachokosekana huku ndicho kilichozidi kule.
Nikasema moyoni, kumbe hakijapotea kitu.
Halafu nikazikumbuka shingo,
nikaomba nivutwe nitoke.

Kigingi cha mwisho kiliangukia juu ya tuta lenyewe.
Ndivyo ilivyotaka ramani: mpaka upasue katikati,
nusu ya Bi Mwanashee, nusu ya jirani yake Shekuwe,
ambaye siku hiyo alikuwa Mokowe akiuza kuku.
Niliinua nyundo nikitarajia ubishi.
Pigo moja tu, chuma kikazama chote,
nusura nianguke nacho.

"Udongo ukishachimbwa," akasema yule mama,
"haufungi ngumi tena.
Hata upitiwe na umri wa Nuhu."

Bwana Hiribae akakitazama kile kigingi.
Akatoa penseli, akaandika, akafuta, akaandika.
Sikuona alichoandika. Mimi nilikuwa mtu wa utepe.
Jioni akanipa mia tano yangu, inanuka raba,
akauliza njia fupi ya kwenda barabarani.

Nilipita tena mwezi wa Rajabu.
Kigingi kimelala pembeni, ama kiling'olewa
ama kilijitoa chenyewe, sikuuliza.
Ufuta ulikuwa umechanua duara zima, maua meupe,
ila pale penye pengo, ambapo hapakupandwa,
pana kijia chembamba cha mbuzi.
Hakuna ukuta. Hakuna hata mwiba.
Wangeweza kupita popote.

Wanaingilia langoni.