Dirisha Lilikuwa Wapi

Fundi Mahazi amekuja na pipa la chokaa
aliyoichoma mwenyewe, juma zima, tanuni.
Kaweka mwiko chini, anauliza:
dirisha lilikuwa wapi?

Nasi tuliofika Kipungani na kumbukumbu
kama watu waliobeba mayai kwenye kanga,
tukaanza kuzozana.

Bwanaheri anaapa lilikuwa mashariki:
jua la asubuhi lilimchoma jichoni,
ndiyo sababu alikosa hesabu zote.
“Ulikosa hata siku za mvua,” asema Somoe,
ambaye dirisha lake lilitazama mikokoni,
maji yakipwa, harufu ya tope ikaingia
ikaketi nasi.

Chumba kimoja, madarasa manne.
Kila darasa na ukuta wake,
migongo yetu ikigusana katikati
kama punda waliofungwa kamba moja.
Mwalimu Fumolali alizunguka na chaki moja,
aliivunja vipande vinne kila Jumatatu
na kipande cha nne kilikuwa vumbi kabla ya Alhamisi.
Huku ba, be, bi. Kule kugawanya kwa baki.
Mimi wa ukuta wa kwanza nilijua Tana watokea wapi
kabla sijajua jina langu lina herufi ngapi.
Sikio la mtoto halina darasa.

Kengele ilikuwa rimu ya gari.
Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona gari.
Tulidhani lilikuwa limeundwa kwa ajili hiyo,
kulia saa mbili kasorobo.

Na mikeka: kila mtoto na wa mama yake,
Ijumaa tuliikung’uta mchanga, tukairudisha nyumbani,
wageni wa arusi hawangoji masomo.

Kisha ikaja shule ya mabati, vyumba vinane,
huku kukawa ghala la saruji, kisha zizi,
makuti yakaporomoka bila mtu kusikia.
Walipotaka matumbawe yake wakajazie njia,
Mwanamkasi alikuja na miyaa yake
akaketi kizingitini siku tatu, akisuka.
Hakumtukana mtu.
Alisema tu: “Nilisoma ukuta wa kwanza na wa pili.
Wa tatu sikuufikia. Niliozwa.”
Aliyeleta nyundo alikuwa mwana wa binamu yake;
akairudisha nyundo begani, akaenda kunywa chai.

Sasa fundi anangoja, chokaa inaganda.
Anakwangua mashariki: jiwe tupu.
Anakwangua upande wa mikoko: jiwe, na msumari,
na juu ya msumari kutu yenye umbo la kofia.

“Hapakuwa na dirisha,” asema Mwanamkasi,
haondoi macho kwenye ukili.
“Masika ile kubwa, jiwe lilianguka pale, karibu na boriti.
Mwalimu akatazama mwanga ulivyoingia,
akasema, msilizibe.”

Tukatazama. Lipo. Tundu la kutosha kichwa cha mbuzi,
na mbuzi, kwa kweli, alikuwa akituchungulia.

“Nizibe?” fundi akauliza.
Hakuna aliyemjibu.
Mwanamkasi alikunja ukili wake, akavua ndara,
akaingia polepole, mkono mmoja gotini,
akaenda kuketi akiuelekea ukuta wa tatu.

Bwanaheri bado anabisha. Mashariki, asema.
Jua lilimchoma, analikumbuka.