Lango la Kuinamia

Walitaka nguzo.
Marumaru nyeupe, kofia za shaba zenye manyoya mekundu,
ile kale ambayo kila mnunuzi ameshaizoea.
Kagendo alisema, kalamu ikigonga meza:
"Nipe mji wa tano, ila ufanane na ile minne."
Nikaitikia. Kodi ya Kondele hailipwi kwa ubishi.

Usiku nikachora nguzo kumi na mbili.
Chini yetu fundi wa mageti alikuwa akisaga chuma,
cheche zikiruka hadi kwenye kioo cha dirisha,
na kila nguzo niliyoisimamisha
ilitoka nyeupe kama jino la bandia.

Nikafuta.

Jumamosi nikateremka hadi Thimlich Ohinga
na daftari, futi ya fundi, kamera ya kuazima.
Ukuta haukungoja nijipange.
Mawe, mawe, mawe,
bapa juu ya nundu, dogo likiziba pengo la kubwa,
hapana udongo, hapana saruji,
kila jiwe limeshikwa na uzito wa jirani yake.
Nikapima kwa hatua, nikaitafuta kona ya kuanzia hesabu.
Hakuna kona.
Ukuta umejikunja kama ng'ombe aliyelala.

Otuoma, kijana wa zamu,
alinikuta nachora kiingilio. Akachungulia begani kwangu,
akacheka kwa pua.
"Hilo lako adui anaingia amesimama.
Hapa mtu alitanguliza kichwa.
Kichwa ndani, shingo wazi,
na mwenye nyumba ameshainua rungu."
Nikainama nipite. Begi likakwama.
Niliingia kwa magoti, nimejaa vumbi jekundu,
kwenye ua wa nyumba zisizokuwepo.

Kisumu, Jumatatu.
Wafubwa ndiye anayeandika programu,
naye hutaka kila kitu kikae ndani ya mraba.
"Ukuta wako umepinda."
Ndiyo.
"Mraba haupindi."
Basi nikaukatakata ule mviringo vipande sitini na vinne,
kila kimoja uongo mdogo,
vyote pamoja vikaukaribia ukweli.
Rangi nilizitoa kwenye picha: kijivu chenye kuvu,
wekundu wa tope lililorukia mawe wakati wa mvua,
kivuli cha mti wa bondo saa nane mchana.
Watu niliwachelewesha.
Walivaa nini? Waliitana vipi?
Nani alisema tuanze na jiwe hili?
Sikujua. Nikamchora mwanamke na chungu kichwani,
mgongo kwetu.

Lango nikalishusha pikseli kumi na moja.

Jaribio la kwanza, saa mbili usiku.
Jeshi la nguzo na manyoya mekundu
likashuka kutoka kaskazini, askari mia tatu,
ngoma zikilia kwenye spika moja, ya pili imekufa.
Wakafika langoni.
Wakakwama.
Wa nyuma wakiwasukuma wa mbele,
miguu mia sita ikitembea palepale,
vipaji vya nyuso vikigonga linta, ko, ko, ko,
na yule mwanamke akipita nyuma ya ukuta na chungu chake
wala hageuki.

Wafubwa akapekua mstari kwa mstari.
Akavua miwani.
"Hawajui kuinama," akasema.
"Sikuwahi kuwafundisha."

Tulicheka mpaka stima ikapotea.
Hata fundi wa chini akanyamaza,
na gizani nikahisi magoti yangu yanauma bado.

Kagendo anataka kosa lirekebishwe kabla ya Ijumaa.
Wafubwa amelifungua faili, amelifunga, amelifungua,
ameenda kununua chai.
Mimi niko na mawe.
Kuna moja, la tatu kutoka kushoto, chini ya linta,
limelainika kwa mikono ya waliolishika wakipita.
Rangi yake siipati.