Taa ya Wati Saba

Luthuli, duka la chini ya ngazi,
Abdirizaki ananiwashia taa moja baada ya nyingine
hadi kaunta inakuwa mchana wa Januari.
"Hii, dada, itaotesha hata jiwe."

Najua. Ile ya kwanza iliotesha jiwe.
Iliotesha kioo, mpira wa hewa, gamba la konokono:
mwani juu ya mwani,
na mimi kila Jumapili na mswaki mkuukuu
nikisugua badala ya kulala.

Nipe hafifu.
Nina kangaga lililofungwa uzi kwenye gogo,
halina haraka, jani moja kwa mwezi, likipenda.
Nina samaki sita wanaojificha mwanga ukizidi,
na mita ya tokeni isiyojua kunyamaza.

Anacheka. Anapangusa vumbi kwenye boksi
ambalo hakuna anayeliulizia.

Umoja, saa kumi na mbili, natoka wodini na viatu mkononi.
Taa imejiwasha. Maji yana rangi ya strungi.
Itazimika saa sita, au stima ikipotea;
kangaga halitalalamika.

Limetoa ncha leo,
imejikunja kama sikio la kitoto cha paka.
Sijaigusa.