Kusoma Bila Kuandika

Bahasha ya kumi na saba imeletwa na pikipiki kutoka Kipushi,
lakiri yake nyekundu kuliko vumbi lililoisindikiza.
Ndani: simu ndogo, kioo kina ufa kutoka pembe hadi pembe,
na kwenye kava harufu ya sabuni ya kufulia, bado.
Naandika daftarini saa, tarehe, jina la aliyeleta,
jina la aliyepokea: Kyalwe Monga, mimi,
maana ikipita mikononi bila jina
mbele ya hakimu si ushahidi tena, ni simu tu.

Maabara yetu ni vyumba viwili nyuma ya ofisi ya zamani ya reli.
Dirishani, mlima mweusi wa mabaki ya shaba
unaojifanya mlima wa kweli mbele ya wageni wa Lubumbashi.
Likasi wanaleta, Kolwezi wanaleta, Kasumbalesa wanaleta
hata diski za mashine za kuhesabia malori.
Umeme ukikatika betri za akiba hulia
mlio mmoja, mlio mmoja,
kama mgonjwa anayeomba maji na hataki kusumbua.

Kati ya simu na kompyuta kuna kisanduku cha rangi ya majivu.
Kazi yake moja: huruhusu kusoma, hukataza kuandika.
Siku yangu ya kwanza shefu Numbi alikielekezea kidevu:
"Huyu ndiye mkubwa wako. Mimi naweza kukusamehe. Huyu, hapana."

Kisha nakala, chembe kwa chembe, sifuri na moja,
pamoja na vilivyofutwa, kwani kufuta si kufuta:
ni kung'oa kibao cha jina mlangoni
na mwenye nyumba kalala ndani.
Mwisho hutoka namba ndefu, alama ya kidole ya yote.
Ongeza nukta moja, namba nzima inageuka.
Naipenda namba hiyo. Sijamjua mtu
aliyekiri waziwazi hivyo kwamba ameguswa.

Barua ya polisi inauliza nani alimpigia mlinzi wa ghala
kati ya saa nne usiku na saa nane,
usiku ule malori matatu yalipotoka na yeye hakutoka.
Najibu linaloulizwa.
Simu mbili, namba moja. Sekunde kumi na tisa. Sekunde sita.
Mnara uliozipokea uko upande wa Ruashi.
Hapo kesi imepata miguu.

Lakini chini yake, mahali ambapo hakuna aliyeuliza,
ujumbe wa saa saba na dakika arobaini,
haukutumwa, yuniti zilikuwa zimekwisha:

mama ngoie unga usinunue kwa kabwit anapunja kipimo
nitapita sokoni miye mwenyewe asubu

Asubu.
Limekatika hapo.

Fomu yangu ina safu ya mwisho, Visivyohusu Kesi.
Nikaunakili humo, kosa kwa kosa.
Sikumwongezea "hi" yake.

Jumanne alikuja mjane, akasimama kizingitini
kitenge kikiwa bado na mikunjo ya dukani.
"Sina kuja juu ya simu, mama. Muichunge.
Nasikia munasoma mpaka vyenye mutu alifuta.
Kitu kimoja tu nataka kujua:
ile usiku, alikuwa na njaa?
Tuligombana. Sikumufungia bukari."

Taa ya kijani ya kisanduku ilikuwa inawaka.
Nikamwambia sheria hairuhusu, na kweli hairuhusu.
Akafunga fundo la kitenge, akageuka.
Nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei:
"Unga mnanunua kwa nani?"
"Kwa Kabwit."
"Anapunja kipimo," nikasema.

Alinitazama
mpaka pikipiki ya bahasha ya kumi na nane ikaingia uani,
ikazimwa.

Jioni, peke yangu, nilihesabu namba upya.
Haikubadilika hata tarakimu moja.
Nikahesabu tena.